Picha Iliyofika kwa Nahodha

Tarehe 15 Machi 1985, meli ya utafiti ya Kisovieti iitwayo Mikhail Somov ilibanwa na barafu karibu na kituo cha Russkaya, upande wa Antaktika unaotazama Bahari ya Pasifiki. Ilikuwa imepeleka mahitaji na watu wa zamu mpya. Upepo mkali ukasukuma vipande vya barafu, vingine vyenye unene wa mita tatu hata nne, vikashikana pande zote, na meli ikatulia kama msumari uliopigiliwa kwenye ubao. Mwezi wa Aprili helikopta ziliwahamisha watu 77 hadi meli nyingine iliyokuwa ikisubiri nje ya barafu. Wakabaki 53, akiwamo nahodha wao, Valentin Rodchenko. Kisha jua likazama, na huko kusini jua likizama wakati huo wa mwaka halichomozi kesho yake wala kesho kutwa. Giza hukaa kwa wiki nyingi.

Juni, meli ya kuvunja barafu Vladivostok ilitumwa kwenda kuwatoa. Nahodha wake alikuwa Gennady Antokhin, na mkuu wa msafara mzima alikuwa Artur Chilingarov. Walikabiliwa na swali ambalo kila baharia aliyewahi kuingia mlangobahari usiku bila mwezi analijua: njia iko wapi? Ndege zisingeweza kufika. Setilaiti za hali ya hewa zenye kamera zilikuwepo, lakini kamera gizani ni kipofu, na hata mchana mawingu ya kule ni blanketi. Barafu nayo haikai mahali pamoja. Ufa uliofunguka Jumatatu huweza kuzibika Jumatano, na nahodha anayeongozwa na ramani ya wiki iliyopita anajipeleka mwenyewe kwenye mtego.

Tuwaache hapo kidogo, tukatazame jicho lililokuja kuwasaidia lilitoka wapi.

Mwaka 1951, katika jimbo la Arizona, Marekani, mhandisi Carl Wiley alikuwa akifanya kazi katika kampuni ya ndege ya Goodyear, tawi la Goodyear ileile ya matairi. Rada ilikuwa imeshajulikana vizuri tangu Vita Vikuu vya Pili: unarusha mawimbi ya redio, yanagonga kitu, unasikiliza mwangwi, unajua kitu kiko umbali gani. Udhaifu wake ulikuwa ukungu wa picha. Rada hung'amua vitu vidogo kwa kadiri antena yake ilivyo ndefu. Ukitaka kutambua vitu vya mita 25 ukiwa kilomita 800 juu angani, kwa mawimbi yenye urefu wa sentimita 23, utahitaji antena yenye urefu wa kilomita nane hivi. Hakuna roketi ya kubeba dude hilo.

Wiley aliona kwamba si lazima antena iwe ndefu kweli. Ndege inayokwenda hurusha mawimbi ikiwa hapa, ikarusha tena mbele kidogo, na tena, na tena. Kila mwangwi unarudi na tofauti ndogo ya sauti, kama honi ya lori linalokupita barabarani: likija inalia juu, likishapita inashuka. Ukiihifadhi miangwi yote na kuichambua pamoja, antena fupi iliyotembea kilomita nane inakuwa sawa na antena ya kilomita nane. Urefu haukuwa wa chuma, ulikuwa wa safari. Mtu huyohuyo, mwaka huohuo, alichapisha kwa jina la bandia makala katika gazeti la hadithi za kisayansi akieleza vyombo vya angani vyenye matanga, vinavyosukumwa na mwanga wa jua. Nadhani angeelewana na mafundi wa majahazi.

Ugunduzi wake haukutangazwa. Jeshi lilikuwa na haja nao, na hati yake ya hataza, iliyoombwa mwaka 1954, ilitolewa mwaka 1965. Huko Chuo Kikuu cha Michigan, Emmett Leith na wenzake walitafuta namna ya kuigeuza miangwi kuwa picha kwa kuipitisha kwenye filamu na lenzi, kwa sababu kompyuta za wakati ule zisingeiweza hesabu hiyo. Desemba 1964 Marekani ikarusha setilaiti ya kwanza yenye rada ya aina hii. Iliitwa Quill. Ilifanya kazi siku chache, ikathibitisha kwamba jambo linawezekana, kisha ikafungiwa kabatini. Wananchi waliolipa kodi zilizoigharimia waliruhusiwa kusikia habari zake mwaka 2012, miaka 48 baadaye.

Hapo ndipo lilipo jambo linalonisukuma kuandika historia hii. Tumezoea kuisimulia teknolojia kama hadithi ya macho yanayozidi kuwa makali. Kwa rada na barafu, jicho kali lilipatikana mapema kuliko wengi wanavyodhani. Kilichochelewa ni mjumbe wa kuichukua picha hadi kwa mtu aliye majini.

Wasovieti nao walikuwa na zao. Tangu miaka ya 1960 walijaribu setilaiti za rada za kuzifuatilia manowari za Marekani baharini. Rada hula umeme mwingi, kwa hiyo waliziwekea tanuri dogo la nyuklia. Januari 1978 moja yao, Kosmos 954, ilianguka kaskazini mwa Kanada na kumwaga taka zenye mionzi juu ya theluji. Hiyo ndiyo picha ambayo walimwengu wengi walikuwa nayo kuhusu rada angani miezi mitano kabla Marekani haijarusha setilaiti yake ya Seasat.

Seasat iliondoka kituo cha Vandenberg, California, mwishoni mwa Juni 1978. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa makusudi kwa ajili ya bahari, na habari zake hazikuwa siri. Ilibeba rada ya picha yenye antena ya karibu mita 11, rada nyingine ya kupima kimo cha uso wa maji, na ya tatu ya kupima upepo.

Hiyo ya upepo inahitaji maelezo, kwa sababu ndiyo ufunguo wa mengine yote. Nahodha wa jahazi hahitaji kipimo kujua upepo unakuja. Anatazama ngozi ya maji. Akiona kwa mbali maji yamefanya vikunyanzi na kuwa meusi, anawaambia watu wake washike kamba. Rada hutazama vikunyanzi vilevile, vile vidogo vya sentimita chache, si mawimbi makubwa yanayomtapisha abiria. Kwa jicho la mtu vikunyanzi ni vyeusi. Kwa rada vinang'aa, kwa sababu vinarudisha mwangwi. Maji yaliyotulia kama mafuta yanauakisi mwali wa rada kwenda upande wa pili, kama kioo kilichoinamishwa, hakirudi kitu, na mahali hapo panatoka peusi kwenye picha. Kwa hiyo ukijua rada inapata mwangwi kiasi gani kutoka pande mbalimbali, unajua upepo unavuma kwa nguvu gani na unaelekea wapi. Siku za Seasat angani zilikuwa kwetu siku za kusi, na kipimo chake kilipita juu ya Bahari ya Hindi kama juu ya bahari nyingine zote, kikiusoma upepo ambao babu zetu waliusoma kwa macho.

Barafu nayo ina ngozi yake. Ile changa, iliyoganda juzi, ni laini na bado ina chumvi nyingi. Mara nyingi hutoka nyeusi au kijivu. Ile ya miaka kadhaa imeshachuja chumvi, imejaa vipovu vya hewa, imegongana na kuinuka matuta, hiyo hung'aa. Mawimbi ya rada hayahitaji jua, na matone ya mawingu ni madogo mno kuyazuia. Usiku wa miezi na mawingu ya wiki nzima havina maana tena.

Kwa siku 105 Seasat ilitazama. Tarehe 10 Oktoba 1978 ikakata kauli. Uchunguzi ulionyesha shoti kwenye pete zinazopitisha umeme kutoka mabawa ya jua kwenda mwilini. Wako walionong'ona, na hadi leo wanaonong'ona, kwamba ilizimwa makusudi kwa kuwa ilianza kuona nyayo za nyambizi. Mimi naamini shoti. Mtu yeyote aliyeishi na nyaya anajua kwamba hazihitaji njama ili ziungue.

Katika siku hizo 105, rada ya picha ilifanya kazi jumla ya saa 42 hivi. Haikuwa na kanda ya kurekodia humo ndani, kwa hiyo iliweza kutuma picha pale tu ilipokuwa ikionekana na kimojawapo cha vituo vitano vya kupokelea: vitatu Marekani, kimoja Newfoundland, Kanada, na kimoja Uingereza. Nyingi ya picha hizo zilisafishwa kwa filamu na leza. Kampuni ya Kanada, MacDonald Dettwiler, ilipata sifa ya kutoa mwaka huohuo picha ya kwanza ya Seasat iliyochakatwa kwa kompyuta. Sehemu kubwa ya miangwi ilibaki kwenye kanda. Iliwachukua wataalamu wa Chuo Kikuu cha Alaska, huko Fairbanks, hadi mwaka 2013 kuzisafisha kanda hizo kuukuu na kuweka picha zake hadharani. Bahari iliyokuwa ndani ya picha hizo ilikuwa imeshapitwa na miaka 35.

Hakuna nahodha aliyeongozwa na Seasat kutoka kwenye barafu. Iliwafundisha wanasayansi. Ilionyesha hata mambo mengine: rada ya kimo ilionyesha kwamba juu ya milima iliyozama maji hujikusanya na kuinuka kidogo, kwa kuvutwa na uzito wa mlima, na kwa hesabu hiyo William Haxby alichora sura ya sakafu ya bahari zote. Lakini aliyekuwa majini usiku aliendelea kutumia macho yake.

Sasa turudi kwa Wasovieti, kwa sababu wao walianza na dhiki.

Tarehe 28 Septemba 1983 walirusha Kosmos 1500. Chombo chenyewe kilitengenezwa Dnipropetrovsk, na rada ilitokana na kazi ya wanafizikia wa Kharkiv chini ya Anatoly Kalmykov. Miji yote miwili iko Ukraine. Kwa wataalamu wa Marekani rada hiyo ilikuwa ya kizamani. Haikutumia ujanja wa Wiley wa antena ya safari, ilitumia antena yake ya kweli basi, na kitu chenye upana wa chini ya kilomita moja kiliipita hivihivi. Seasat iliona mita 25. Ukiweka picha hizo mbili pamoja, ya Kosmos inaonekana kama imechorwa kwa mkaa.

Ila walioibuni walikuwa wamejiuliza swali ambalo wenzao hawakulipa uzito. Picha ilichakatwa humohumo angani na kutumwa chini kwa mfumo uleule uliotumiwa na setilaiti za kawaida za hali ya hewa, ambao mtambo wake wa kupokelea ni mdogo na wa bei nafuu. Meli au kituo chochote cha utabiri chenye mtambo huo kiliipokea picha papo hapo chombo kikipita juu. Na picha moja ilifunika bahari yenye upana wa kilomita zaidi ya 400. Nahodha hahitaji kuona kila tuta. Anataka kujua barafu nzito iko upande gani, na wapi kuna ufa.

Mtihani ulikuja ndani ya siku chache. Oktoba 1983, kwenye Bahari ya Chukchi, kaskazini mashariki kabisa ya Urusi, barafu iliwahi kufika na kuufungia ndani msururu wa meli za mizigo. Nina Sagaidak ilipasuliwa ikazama. Nyingine zilikuwa zikisubiri zamu yao. Kosmos 1500 ilikuwa bado inajaribiwa, haijakabidhiwa rasmi kwa yeyote, lakini picha zake zilionyesha mahali barafu ya zamani ilipokusanyika na mahali palipobaki pepesi. Meli za kuvunja barafu zikapelekwa kwa kufuata picha hizo, na zilizobaki zikatolewa.

Kwa hiyo Vladivostok ilipoelekea kusini mwaka 1985, haikwenda kubahatisha. Picha za rada zilionyesha Somov ilipo ndani ya uwanja wa barafu, pande ambazo barafu imejirundika, na mipasuko inayoweza kufuatwa. Jaribu kuwaza chumba cha usukani wa meli hiyo mwezi wa Julai: nje hakuna kitu ila taa za meli zikimulika theluji inayopita, na mezani karatasi yenye madoa ya kijivu, meupe na meusi, na vidole vya watu vinafuatisha mstari mweusi mwembamba. Mstari ule ndio maji. Tarehe 26 Julai, baada ya siku 133 za kushikwa, Vladivostok ilifika ubavuni mwa Somov, ikaivunjia barafu iliyoizunguka, na meli hizo mbili zikaanza kutoka gizani pamoja. Watu wote 53 walirudi hai.

Naiona hiyo kama siku ya kuzaliwa kwa kazi ya kuongoza meli barafuni kwa rada ya angani, ingawa vitabu vingi huanzia kwingine.

Vitabu hivyo vina sababu zake. Ukienda nyuma zaidi, chanzo cha ulinzi wa barafu ni usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 Aprili 1912, Titanic ilipogonga mlima wa barafu na watu zaidi ya 1,500 wakafa. Mwaka 1914 mataifa ya bahari yalikubaliana kuanzisha doria ya kimataifa ya barafu katika Atlantiki ya Kaskazini, na kazi ikakabidhiwa Walinzi wa Pwani wa Marekani. Kwanza walitumia meli, kuanzia 1946 ndege, baadaye ndege zenye rada ubavuni, na siku hizi setilaiti hufanya sehemu kubwa ya upelelezi. Nje ya eneo la doria hiyo bahari iliendelea kudai chake. Januari 1959 meli ya Denmark iitwayo Hans Hedtoft, katika safari yake ya kwanza kabisa, iligonga barafu kusini mwa Greenland na kuzama na watu wote 95.

Katika kazi ya rada za angani, Ulaya iliingia rasmi Julai 1991 kwa setilaiti ya ERS-1, iliyorushwa kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa. Wiki chache tu baadaye, Agosti, meli ya Ufaransa L'Astrolabe ilikuwa ikipita njia ya kaskazini ya Urusi, na wataalamu wa kituo cha Nansen cha Bergen, Norway, waliichambulia picha za ERS-1 za barafu iliyokuwa mbele yake. Safari hii jicho kali na mjumbe vilikuwa pamoja. ERS-2 ikafuata mwaka 1995.

Mwaka huohuo, Novemba, Kanada ikarusha Radarsat-1. Kanada ina pwani ndefu kuliko nchi yoyote, na sehemu kubwa yake hufungwa na barafu kila mwaka; kwao hili lilikuwa suala la shehena na bei za vitu dukani. Radarsat-1 iliweza kupiga picha ya upana wa kilomita 500 kwa mkupuo mmoja. Ilipangiwa miaka mitano, ikafanya kazi zaidi ya 17, hadi Machi 2013. Mwaka 1997 waliigeuza itazame upande wa pili kwa majuma kadhaa, na Antaktika nzima ikapata picha yake ya kwanza kamili ya rada, ikionyesha mito ya barafu inayosukumana taratibu kuelekea baharini kutoka mbali ndani ya bara. Doa lake ni kwamba picha nyingi ziliuzwa kama bidhaa. Mwenye fedha aliona, asiye nazo alisikia. Kanada ilifungua hazina ya picha za Radarsat-1 kwa umma mwaka 2019, chombo chenyewe kikiwa kimekufa zamani.

Envisat ya Ulaya, kubwa kama basi na yenye uzito wa zaidi ya tani 8, ilirushwa tarehe 1 Machi 2002. Ilipofungua jicho lake, barafu ya Larsen B kwenye Rasi ya Antaktika ilikuwa inavunjika. Sahani ya barafu ya kilomita za mraba 3,250, karibu mara mbili ya kisiwa cha Unguja, na unene wa mita 220 hivi, ilisambaratika katika muda wa siku 35. Miongoni mwa picha za kwanza za Envisat kuna ile ya tarehe 18 Machi: mahali palipokuwa na sahani pana uji wa vipande.

Novemba mwaka huo Envisat iliona jambo jingine. Meli ya mafuta Prestige ilipasuka nje ya pwani ya Galicia, Hispania. Mafuta mazito yanapotandazwa juu ya bahari hulaza vile vikunyanzi vidogo, na maji yaliyolazwa, kama tulivyoona, hayarudishi mwangwi. Kwenye picha ya rada mafuta yalikuwa mkia mrefu mweusi. Ulaya sasa ina huduma ya kudumu ya kuwinda mikia kama hiyo, na manahodha waliozoea kumwaga uchafu wa tangi usiku wakiamini hawaonekani wamejikuta na maswali bandarini.

Kupima upana wa barafu ni jambo moja. Unene ni jambo lingine, na hapa historia ina kisa cha kuumiza. Barafu inayoelea huonyesha juu ya maji takriban sehemu moja tu kati ya kumi ya unene wake. Seymour Laxon wa chuo cha University College London alionyesha kwamba rada ya kimo inaweza kuipima sehemu hiyo: linganisha mwangwi unaotoka juu ya barafu na ule unaotoka kwenye maji ya ufa ulio jirani, tofauti yake ndiyo kimo kilicho juu ya maji, kisha piga hesabu ya kilicho chini. Kazi ya kuchosha kweli, kwa sababu ukikosea sentimita moja juu, umekosea kama kumi kwa jumla. Setilaiti ya CryoSat ilijengwa kwa ajili hiyo. Tarehe 8 Oktoba 2005 ilirushwa kutoka Plesetsk, Urusi. Amri ya kuzima injini ya hatua ya pili ilikuwa haimo katika programu ya roketi. Injini ikawaka hadi mafuta yakaisha, hatua ya tatu haikutengana, na chombo kilichotengenezwa kupima barafu ya Aktiki kikatumbukia katika bahari hiyohiyo ya Aktiki. Waliijenga nyingine. CryoSat-2 iliruka tarehe 8 Aprili 2010, na vipimo vyake vikathibitisha kwamba barafu ya Aktiki haipungui eneo tu, inakonda.

Envisat ilinyamaza ghafla tarehe 8 Aprili 2012. Kwa miaka miwili Ulaya haikuwa na rada ya pamoja ya picha kwa kazi hii. Tarehe 3 Aprili 2014 ikaja Sentinel-1A, na pamoja nayo uamuzi ambao kwangu una uzito zaidi kuliko antena yake ya mita 12: picha zote, za mahali popote, zitolewe kwa mtu yeyote, bure, muda mfupi baada ya kupigwa.

Matokeo yake yalionekana mwaka 2017. Ufa ulikuwa ukitambaa ndani ya Larsen C, jirani wa kusini wa ile iliyovunjika, katikati ya majira ya baridi, gizani. Kikundi cha watafiti wa Swansea, Wales, kilikuwa kikiufuatilia kwa picha za Sentinel-1, na kwa kuwa picha zilikuwa wazi, walimwengu walifuatilia pamoja nao. Kati ya tarehe 10 na 12 Julai kikamegeka kipande cha kilomita za mraba 5,800, zaidi ya mara mbili ya Unguja na Pemba kwa pamoja. Kikaitwa A68. Meli zilizopita Atlantiki ya Kusini ziliambiwa kila wakati kilipo, hadi kilipokaribia kisiwa cha South Georgia mwishoni mwa 2020 na kuanza kuvunjikavunjika. Machi 2019, kimbunga Idai kilipopiga Beira na mawingu yakafunika Msumbiji, picha za Sentinel-1 ndizo zilizotumiwa kuchora mipaka ya mafuriko. Kilichotengenezwa kwa ajili ya barafu na bahari kiliona mashamba yaliyogeuka kuwa bahari.

Februari 2022 meli ya Afrika Kusini S.A. Agulhas II iliondoka Cape Town kwenda Bahari ya Weddell kutafuta Endurance, meli ya Ernest Shackleton iliyosagwa na barafu mwaka 1915. Shackleton na watu wake walikaa miezi kumi wakitazama meli yao ikibanwa, hawajui barafu itafunguka upande gani. Waliomtafuta walipokea kwa setilaiti picha za rada za TerraSAR-X ya Ujerumani kadiri walivyosonga, wakachagua pa kupita. Tarehe 5 Machi waliiona Endurance imesimama wima sakafuni, mita 3,008 chini.

Sentinel-1B, pacha wa Sentinel-1A, iliharibika umeme Desemba 2021; Sentinel-1C ilirushwa Desemba 2024 kuziba pengo. Envisat bado inazunguka juu yetu, bubu. Na picha za Sentinel-1 si za barafu pekee. Bahari yetu kuanzia Kiunga hadi Msimbati imo humo, usiku na mchana, kusi na kaskazi, pamoja na meli zilizopita na mafuta yaliyomwagwa. Hazilipiwi. Kinachotakiwa ni intaneti, jina na anwani ya barua pepe. Zifungue uangalie.